Saikolojia: mutu akimaliza masomo, anafanya kazi gani?

Mutoto akisema anataka kusoma saikolojia, wazazi wengi wa Kivu na Ituri wanauliza: "Na kazi utapata wapi?" Wengine wanazani ni masomo ya kuchunga wenye wazimu tu. Lakini kazi ziko, na haziko moja.

Kwanza tofauti. Saikiatra ni munganga, anaandika dawa. Mwanasaikolojia haandike dawa: anasikiliza mutu, anatambua shida yenye inamulemea, anamusindikiza mupaka arudilie maisha yake. Wale wanaitwa APS wamepata mafunzo ya mufupi. Ndio wanapokea watu wa kwanza vijijini na kwenye kambi, kisha shida nzito wanazituma kwa mwanasaikolojia.

Kwenye hospitali. Panzi, ya Bukavu, ilianzishwa na munganga Denis Mukwege mwaka 1999. Wanamuke waliobakwa hawatunzwe mwili tu. Kuna pia musaada wa kisaikolojia, wa sheria na wa kujitegemea. Mugonjwa wa akili anatunzwa Sosame, Bukavu, ao Tulizo Letu, Goma.

Wakati wa magonjwa ya kuambukiza. Ebola ya 2018-2020 iliua watu 2 287 huku mashariki. Wanasaikolojia walikaa karibu na wagonjwa, walitayarisha familia kwa mazishi ya salama, na waliongea na majirani wenye walikataa kupokea aliyepona.

Kwenye shule na kampuni. Kwenye shule wanasaidia mwanafunzi kuchagua option na kufuata yule anashindwa masomo. Kwenye kampuni wanachagua wafanyakazi na kutuliza ugomvi.

Mbele ya kulipa pesa za chuo, jamaa iulize mambo tatu. Option ni gani: ya hospitali, ya shule ao ya kazi? Stage inafanyiwa wapi, na nani anaisimamia? Masomo inafika wapi? Katika LMD, licence ni miaka 3, master inaongeza 2, na kutunza watu peke yako kunaomba masomo ya juu na stage ya kweli.

Tena ijulikane: kazi mingi za mashirika zinategemea mradi. Pesa ya mradi ikiisha, kontra nayo inaisha. Kwa hiyo mwenye anajua kazi ya shule ao ya kampuni pia, habaki mikono mitupu.