Kilwa Haiishii Kisiwani

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, aliyetoka Dar es Salaam kwenda Kilwa alisubiri pantoni ya Mto Rufiji, na masika yakikolea barabara ilikuwa haipitiki. Adha hiyo iliiweka pwani ya kusini nyuma ya Zanzibar na Bagamoyo katika safari za wageni. Siku hizi ni mwendo wa nusu siku kwa basi, lakini wengi wakishafika Kilwa Masoko huvuka kwa mashua hadi Kisiwani, hutembezwa kwenye magofu, kisha hao, wanarudi zao. Wameiona Kilwa ya masultani. Kilwa Kivinje, iliyo kaskazini tu ya hapo na yenye mambo mazito ya karne mbili zilizopita, wameipita njiani bila kushuka.

Kisiwani ni lazima, hilo halina ubishi. Mji ule ulijengwa na pepo za msimu. Mfanyabiashara aliyetoka Arabuni na upepo wa kaskazi aliweza kufika Kilwa, akauza na kununua, akarejea na kusi mwaka uleule. Akitaka kuendelea hadi Sofala, ilikoteremshiwa dhahabu ya bara, ilimbidi alale huko msimu mzima. Kwa hiyo Kilwa ikakaa mahali pa mwisho penye faida, ikaishika Sofala, ikatoza ushuru na kupiga sarafu zake za shaba. Sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman imefukuliwa Great Zimbabwe. Nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Sultani huyo ndiye aliyejenga Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne ya 14, kasri la vyumba zaidi ya 100 lililo juu ya mwamba unaotazama bahari, nje kidogo ya mji. Bwawa lake la kuogea lenye pembe nane bado linaonekana wazi, pamoja na ua mpana uliozungukwa na vyumba vya kuhifadhia bidhaa. Kasri lilihamwa mapema, na inaelekea halikukamilika kamwe. Msikiti Mkuu umedumu zaidi. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo ya zamani. Upanuzi wa kusini, wenye kuba na matao, ulianza zama za al-Hasan. Mafundi waliyakata matumbawe baharini na kuyachonga yangali mabichi, kwa kuwa yakikauka huwa magumu kama jiwe lolote. Mgeni asimame chini ya kuba hizo kwa muda wa kutosha. Mimi sijaona kazi ya mkono inayozidi ile katika mwambao wetu wote.

Msafiri Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, akamsifu al-Hasan kwa ukarimu uliompa jina la Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Anasimulia kwamba siku ya Ijumaa, baada ya sala, maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa, naye akazivua na kumpa. Mwana wa sultani akazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi; baba yake aliposikia watu wanavyosifu, akaamuru maskini huyo aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisa hiki husimuliwa kwa kutaja ukarimu, kisha watu ishirini waliotolewa zawadi wanapitwa. Hakuna anayeyajua majina yao. Anayetembezwa Husuni Kubwa anastahili kuambiwa habari zao papo hapo, kwani walikuwa sehemu ya utajiri uleule ulioinua zile kuta.

Wareno walikuja mara tatu: Cabral mwaka 1500, Vasco da Gama mwaka 1502 akidai kodi, na Francisco de Almeida mwaka 1505 aliyeuteka mji na kujenga ngome. Waliihama mwaka 1512. Ngome iitwayo Gereza, inayoonekana leo ufuoni, karibu na mahali mashua zinapotia nanga, kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani wa baadaye. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa aitwaye Morice, wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Walihitajika kwenye mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Kilwa ya dhahabu ikawa Kilwa ya kuuza watu, na katika karne ya 19 biashara hiyo ilihamia bara, Kivinje, ilikoishia njia ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa.

Ukishuka Nangurukuru na kuelekea baharini unaingia Kivinje. Kuna milango ya nakshi, nyumba za ghorofa za wafanyabiashara wa Kihindi, na boma la Wajerumani lililoelekea bahari. Nyumba nyingi zimeezuka mapaa na miti imeota sebuleni. Watu lakini wapo: wavuvi wanateremsha samaki, kina mama wanauza vitafunwa, wazee wanakaa barazani na hawana haraka ya kumwacha mgeni aondoke bila mazungumzo.

Hapa ndipo ukoloni ulipopingwa mapema. Mwaka 1888 wenyeji waliinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyotaka kutawala pwani, na maofisa wake wawili wakauawa. Hassan bin Omari Makunganya aliendelea kupambana hadi alipokamatwa na kunyongwa mwaka 1895 kwenye mti uliokuja kuitwa Mwembe Kinyonga. Miaka kumi baadaye, Julai 1905, watu wa Umatumbi, katika vilima vilivyo nyuma ya pwani hii, waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale, kiongozi wa kiroho wa vita hivyo, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo. Anayesoma vita hivyo vitabuni aje ayaone mwenyewe maeneo haya, ajue jinsi vilima vya Matumbi vilivyo karibu na boma la Kivinje.

UNESCO iliorodhesha magofu ya Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara mwaka 1981, ikayaweka katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuyatoa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati. Kivinje haimo katika orodha ya urithi wa dunia, na inaonekana. Kibali cha kuvuka kwenda Kisiwani hutolewa Masoko, pamoja na mwongozaji anayeijua kila kuba. Songo Mnara nayo ni safari ya mashua inayofuata maji kujaa na kupwa. Kivinje inahitaji waongozaji wa kiwango hichohicho, na fundi chokaa wa kuezeka upya zile nyumba za ghorofa kabla kuta zake hazijafuata mapaa. Mgeni mwenye siku mbili Kilwa aitenge moja nzima kwa ajili ya Kivinje, alale hukohuko, anunue chakula chake hukohuko, na aombe kupelekwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Mwembe Kinyonga.