Kuvu au Maji? Ushahidi wa Cleveland Kuhusu Pumu ya Watoto

Kwamba watoto wanaokulia katika nyumba zenye unyevu na kuvu hukohoa zaidi, na kwamba wenye pumu hubanwa kifua mara nyingi zaidi, si jambo la kubishaniwa tena: Taasisi ya Tiba ya Marekani ilikubali uhusiano huo mwaka 2004, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 ukaurudia. Ubishi uko kwingine. Wapo wanaoshikilia kwamba mwenye nyumba asilazimishwe kukarabati mpaka hewa ipimwe, spora zihesabiwe na aina ya kuvu itambuliwe. Dai hilo limevaa joho la uangalifu wa kisayansi, lakini linauliza swali ambalo tiba ya mtoto hailihitaji.

Mji wa Cleveland, Ohio, ulionja pande zote mbili za mjadala. Mwaka 1993 na 1994 watoto wachanga kadhaa walivuja damu mapafuni, na watafiti wakamtafuta mkosaji mmoja: Stachybotrys, kuvu nyeusi inayoota kwenye karatasi na mbao zilizolowa. Machi 2000 CDC, mamlaka ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ikatangaza kwamba uhusiano huo haukuthibitika. Wakosoaji hupenda kuishia hapo. Hawataji kwamba mwaka 2006, katika mji huohuo, Carolyn Kercsmar na wenzake walichapisha jaribio la watoto 62 wenye pumu walioishi katika nyumba zenye kuvu. Familia ziligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walipata mafunzo na mpango wa matibabu. Nusu tu ndio waliozibiwa mianya ya maji, wakaondolewa vifaa vilivyooza na kurekebishiwa mifumo ya hewa. Baada ya ukarabati, aliyezidiwa na pumu katika kundi hilo alikuwa mtoto 1 kati ya 29. Katika kundi la ulinganisho walikuwa 11 kati ya 33. Hakuna aliyelazimika kwanza kujua jina la kuvu.

Itasemwa kwamba jaribio lilikuwa dogo, na kwamba wazazi walijua nyumba ya nani imekarabatiwa. Ni kweli, ingawa tofauti ya kiasi hicho haielezeki kirahisi kwa matumaini ya wazazi. Itasemwa pia kwamba mambo mengi yalifanywa kwa pamoja, hivyo hatuwezi kutenga athari ya kuvu na ile ya utitiri wa vumbi, ambao nao hustawi kwenye unyevu. Kwa mwanabaiolojia hiyo ni kasoro. Kwa mtunga sera ni faida, maana maji yakizuiwa vyote viwili hupungua. Pingamizi la tatu, kwamba wapangaji hujiletea unyevu kwa namna wanavyoishi, ndilo dhaifu kuliko yote. Huko Rochdale, Uingereza, baba wa Awaab Ishak alilalamikia kuvu tangu 2017 akaambiwa aipake rangi. Mwanawe alifariki Desemba 2020 akiwa na miaka miwili, na Novemba 2022 uchunguzi rasmi ukakihusisha kifo hicho na kuvu ya nyumbani. Sheria iliyopewa jina lake, ambayo awamu yake ya kwanza ilianza kuwabana wamiliki wa nyumba za kijamii England Oktoba 2025, inawapa muda maalumu wa kuchunguza na kurekebisha. Awamu hiyo ya kwanza haikuwagusa wapangaji wa nyumba za watu binafsi, na sioni sababu yoyote ya kitabibu ya kuwaacha nje.