Zana za Uvuvi na Utunzaji Wake: Kutoka Mto Malagarasi hadi Ziwa Tanganyika

Uvuvi wa Mkoa wa Kigoma unapotajwa, wengi wetu hufikiria Ziwa Tanganyika peke yake, pamoja na Ujiji, Kibirizi na taa zinazometa majini usiku. Nyanda za juu za Kasulu na Kibondo hukumbukwa kwa maharage, mihogo, ndizi na asali. Hata hivyo nchi hiyo ya Waha, iliyokuwa na tawala za kale za Heru, Muhambwe na Buyungu, ina maji yake na wavuvi wake, na tangu zamani imeungana na ziwa kwa biashara na kwa chakula.

Katika insha hii hatukusudii kueleza samaki, bali zana za kuwavulia: namna zilivyopangwa ndani ya mtumbwi na namna zilivyowekwa nchi kavu. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna elimu kubwa. Kazi ya majini huamuliwa nchi kavu. Aliyesahau kata ya kukumba maji hawezi kurudi kuichukua wakati mawimbi yamekwisha kupanda.

Mto na watu wake

Mto Malagarasi huanzia karibu na mpaka wa Tanzania na Burundi. Hufuata mpaka huo, huingia katika nchi ya Kibondo na kukutana na Mto Moyowosi katika mabwawa makubwa, kisha hugeukia magharibi, hupita Uvinza na kumwaga maji yake ziwani kusini ya mji wa Kigoma. Mabwawa hayo ni hazina inayotambuliwa na ulimwengu, kwani mwaka 2000 ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi ilikuwa ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar.

Maji ya mto na mabwawa hayafanani na maji ya ziwa. Humo mna kambale, perege na kamongo, mna matete na mafunjo, mna viboko na mamba. Kwa sababu hiyo zana zake nazo ni nyingine: migono iliyosukwa kwa fito, nyua za matete za kuzuia njia ya samaki, ndoana na mikuki. Mtumbwi ni mwembamba, nao huendeshwa kwa upondo zaidi kuliko kwa kafi.

Katika mtumbwi wa namna hiyo nafasi ni haba, na kila kitu lazima kiwe na mahali pake. Migono hupangwa kwa kufuata utaratibu wa kutegwa, ule utakaotegwa mwisho ukitangulia kupakiwa na ule utakaotegwa kwanza ukikaa juu. Kamba ya ndoana huzungushwa kwenye kijiti, na ncha ya ndoana huchomekwa katika kijiti hicho ili isimchome mtu wala kushika kamba nyingine. Mkuki hulazwa ubavuni mwa mtumbwi, ncha ikielekea mbele. Hakuna lililo la urembo katika mpango huu. Mtu anayeinama gizani kufumbua kamba zilizosokotana hukiweka chombo katika hatari ya kupinduka, na mtoni mamba hangoji.

Nchi kavu adui walikuwa wengine, nao ni unyevu, mchwa, dumuzi na panya. Mgono uliotupwa uani hauumalizi msimu wa mvua. Ulifaa kukaushwa kivulini, kisha kutundikwa juu mahali panapofikiwa na moshi wa jiko, kwa kuwa moshi hukausha fito na kufukuza wadudu. Hivyo paa lililohifadhi mbegu za mahindi lilihifadhi pia zana za mtoni, na mkulima na mvuvi walikuwa mtu mmoja katika misimu miwili.

Ziwa na usiku wa giza

Sasa tushuke kutoka katika vilima hadi ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na hakuna ziwa la Afrika linalolizidi kwa kina. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi Februari mwaka 1858, walikuta mji wa soko na uvuvi uliokuwa umeendelea. Mitumbwi mikubwa ilichongwa kutokana na miti ya ng'ambo ya magharibi, ikavushwa hadi Ujiji. Katika soko hilo mazao ya nyanda za juu yalikutana na samaki wa ziwa, mafuta ya mawese na chumvi ya Uvinza.

Zana iliyojulikana sana katika uvuvi wa dagaa wa zamani ni lusenga, yaani wavu wenye umbo la pia, uliofungwa kwenye duara la mti na kutiwa mpini mrefu. Moto uliwashwa mbele ya mtumbwi, dagaa wakakusanyika penye mwanga, na mvuvi akazamisha lusenga chini yao na kuwachota. Kazi hiyo ilidai mpango mkali. Kuni zilipaswa kukaa mahali pasipofikwa na maji, na moto ukae mbali na wavu. Mwenye wavu alihitaji nafasi ya kugeuka bila kugonga mpini wake kwa mwenye kafi. Dagaa walimwagwa katikati ya chombo ili uzito usielemee upande mmoja. Kila mtu alijua mahali pa chombo chake kwa kupapasa, kwani macho yaliyozoea mwanga wa moto hayaoni kilicho gizani miguuni.

Kalenda ya kazi hiyo iliwekwa na mwezi, nayo haijabadilika hadi leo. Wakati wa giza dagaa hufuata taa, lakini mbalamwezi inapotanda ziwa zima mwanga wa taa hupoteza nguvu. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu ni siku za nchi kavu, za kuanika nyavu, kuziba matundu, kubadili kamba zilizochakaa na kuziba nyufa za chombo. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa mvuvi ufa huo ni tundu la wavu. Tundu lililoachwa wakati wa mbalamwezi hurudi wakati wa giza likiwa kubwa zaidi, na dagaa hupita humo.

Kutoka magome hadi nailoni

Historia ya kutunza zana ni historia ya vitu vilivyozitengeneza. Nyavu za kale zilisokotwa kwa nyuzi za magome na za mimea, zikafuatwa na nyavu za pamba. Hizo zote zilikuwa na adui mmoja, nao ni kuoza. Tumezoea kusema kwamba akiba haiozi, lakini wavu wa pamba uliofungwa mbichi uliharibika baada ya siku chache. Kuuanika kila asubuhi hakukuwa hiari ya mwenyewe. Kwenye pwani ya Bahari ya Hindi wavuvi walizitia nyavu zao katika maji ya magome ya mkoko ili zidumu.

Katikati ya karne ya 20 mambo yalibadilika upesi. Taa za karabai zilichukua nafasi ya kuni. Mitumbwi miwili ilianza kuunganishwa kwa nguzo na kubeba wavu mkubwa wa kuinua, unaoshushwa chini ya taa na kuvutwa na watu kadhaa kwa pamoja. Kamba moja ikijifunga, upande mmoja wa wavu huchelewa na dagaa hutoroka, na kazi ya usiku mzima hupotea kwa kosa la aliyekunja kamba mchana. Taa nazo zilileta masharti yake. Vioo vilitaka kufungwa vizuri, mafuta ya taa yalitaka kukaa mbali na chakula, na ule utando laini unaowaka ulivunjika kwa mguso mdogo. Katika miaka ya karibuni taa za betri na za nguvu ya jua zimeenea, na betri nayo yataka kisanduku kisichoingia maji.

Nyavu za nailoni zilileta faida kubwa, kwani ni nyepesi, zina nguvu na haziozi upesi. Lakini zilileta pia usahaulifu. Wavu usiooza humfanya mtu adhani kwamba hauhitaji kutunzwa. Kumbe jua kali huudhoofisha, panya huutafuna, na ukikatika na kupotea majini huendelea kunasa samaki wasioliwa na mtu. Wavu wa magome uliopotea uliliwa na maji, lakini wa nailoni hubaki. Kwa hiyo wajibu wa kutunza umezidi kuliko wakati wa babu zetu.

Huku juu Kasulu na Kibondo mabadiliko yalikuwa na sura yake. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwahamisha watu waliokaa kwa kutawanyika wakajenga vijijini. Aliyekuwa jirani wa mto, alipohamishiwa kando ya barabara, aliona safari ya mtoni imekuwa ndefu na maandalizi yake yamekuwa mazito. Dagaa wa ziwani, waliokaushwa mchangani na kupandishwa vilimani, ndio wanaofika katika masoko ya huku. Basi wavu ukichanika Kibirizi, mboga hupungua Kasulu.

Ziwa lilipopumzishwa

Mwaka 2024 jambo hili lilikuwa la taifa zima. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa ili samaki wapate kuzaliana, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Kwa miezi mitatu nyavu zilikaa nchi kavu. Zamani mbalamwezi ilitoa mapumziko ya siku chache, na sasa sheria ilitoa mapumziko ya msimu.

Mapumziko hayo yalikuwa mazito kwa familia zinazotegemea ziwa, wala haifai kuyasema kwa wepesi. Lakini tukitazama kwa macho ya historia, tunaona kwamba kupumzisha maji si wazo geni kwa watu wa ziwa. Mpango wao wa kale ulikuwa na siku za kuvua na siku za kutengeneza. Kilichokuwa kigeni ni urefu wa mapumziko. Mwenye kuosha wavu wake, kuukausha kivulini, kuukunja kwa utaratibu na kuuinua juu ya sakafu alikuwa na chombo tayari siku ile ziwa lilipofunguliwa. Aliyeutupa pembeni alianza msimu kwa deni.

Funzo kwa shule zetu

Walimu wa Kasulu na Kibondo wana maktaba isiyo na vitabu, nayo ni wazee wasukao migono. Wanafunzi waende kwao na kuuliza fito hukatwa mti gani na msimu gani, mgono hufungwaje, na huwekwa wapi mvua zinaponyesha. Wayaandike majina ya zana kwa Kiha na kwa Kiswahili, wachore mtumbwi na kuonyesha mahali pa kila chombo. Kazi hiyo ni ya historia, ya jiografia na ya lugha kwa pamoja.

Utamaduni hauko katika ngoma na mavazi pekee. Uko pia katika kamba iliyozungushwa vizuri na kuwekwa mahali ambapo mwenzako ataikuta gizani. Mvuvi hapangi zana kwa ajili yake mwenyewe tu, kwani wote walio chomboni humtegemea, na nyuma yao yuko mama wa Kibondo anayengoja dagaa sokoni. Tukiwafundisha vijana kutunza chombo cha kazi, tutakuwa tumewafundisha kutunza maji yanayotulisha sote.