Mafuriko ya Mto Mara na Haki ya Kuishtaki Serikali

Mto Mara huanzia katika msitu wa Mau nchini Kenya. Mito ya Nyangores na Amala huungana, mkondo hupita Maasai Mara na pembe ya kaskazini ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha hushika njia ya magharibi ukitenganisha wilaya mbili za mkoa wa Mara nchini Tanzania: Tarime upande wa kaskazini na Serengeti upande wa kusini. Mbele zaidi maji hutanuka na kuwa kinamasi kikubwa cha mafunjo, hupita chini ya daraja la Kirumi kwenye barabara ya Musoma kwenda Sirari, na kuingia Ziwa Victoria. Safari yote ni karibu kilomita 400, na takriban theluthi mbili za bonde zipo Kenya. Mvua ikinyesha Mau, mkulima wa Tarime anaweza kuamka shamba lake likiwa chini ya maji bila yeye kuona wingu. Ziwa nalo hurudisha maji nyuma linapofura: baada ya mvua kubwa za 1961 kina chake kilipanda zaidi ya mita mbili kufikia 1964, na mwaka 2020 kikarudi katika kiwango kile kile. Picha za setilaiti zilizolinganishwa kuanzia 1973 zimeonyesha pia kwamba kinamasi chenyewe kimetanuka mno, huku misitu ya juu ikifyekwa na udongo ukishuka na mto.

Hasara ya mafuriko haya imekuwa ya mwenye shamba. Kuidai kwa mtu mwingine, na hasa kwa Serikali, ni jambo ambalo sheria ya Tanzania imelitengenezea njia nyembamba, na historia ya njia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini halmashauri za Tarime na Serengeti hazijawa mahali pa kuanzia kesi za namna hiyo.

Marekani mambo ni tofauti, angalau katika haki ya kufungua shauri. Huko serikali za mitaa huishtaki serikali ya shirikisho kwa jina lake. Kimbunga Katrina kilipoipiga Louisiana Agosti 2005, serikali ya St. Bernard Parish ilijiunga na wenye nyumba kudai kwamba mfereji wa meli uliochimbwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi, maarufu kama MR-GO, ndio uliofungulia njia maji ya bahari. Mwaka 2015 mahakama ya madai iliwapa ushindi. Aprili 2018 mahakama ya rufaa ikautengua, ikisema wadai walipaswa kupima pia faida ya kingo ambazo serikali hiyohiyo ilijenga kuzuia mafuriko. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa yao mwanzoni mwa 2019. Sheria ya 1928, iliyotungwa baada ya mafuriko ya Mississippi ya mwaka uliotangulia, ilikuwa imekwisha kuikinga serikali dhidi ya madai ya kawaida ya uzembe, ndiyo maana wadai walipitia kifungu cha katiba kuhusu kutwaa mali. Hata penye ruhusa ya kushtaki, basi, kushinda ni jambo jingine.

Tanganyika ilirithi kanuni ya Kiingereza kwamba mfalme hashtakiwi mahakamani mwake mpaka akubali. Enzi za ukoloni mwenye dai dhidi ya serikali alihitaji kwanza kibali cha serikali hiyohiyo. Uhuru haukuiondoa fikra hiyo mara moja. Sheria ya Mashauri ya Serikali ya 1967 iliruhusu Serikali kudaiwa fidia kama mtu binafsi, lakini marekebisho ya 1974 yakarudisha sharti la kibali cha waziri. Kwa karibu miaka 20 mtu aliyebomolewa nyumba na watumishi wa Serikali alikuwa akiiomba Serikali ruhusa ya kuishtaki, na ukimya wa ofisi ulitosha kuliua dai lake.

Sharti hilo lilivunjwa na majaji, si na Bunge. Mahakama Kuu ililitangaza kuwa kinyume cha katiba katika shauri la Peter Ng'omango, na mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na msimamo huo katika shauri la Kukutia Ole Pumbun na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Bunge lilijibu mwaka 1994 kwa kuondoa kibali na kuweka notisi ya siku 90 mahali pake. Shauri lenyewe lilibaki kuwa la Mahakama Kuu pekee. Kwa mtu wa Tarime au wa Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, sharti hilo la pili lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana kwenye karatasi: masjala ya karibu kwa miaka mingi ilikuwa Mwanza, takriban kilomita 300 kutoka Tarime, kabla ya Musoma kupata masjala yake. Nauli, malazi na wakili vingeweza kumeza fidia ya ekari mbili za mihogo.

Na halmashauri? Halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, na kazi zao zikachukuliwa na watumishi wa Serikali Kuu. Zilirudi mwaka 1984 kwa nguvu ya sheria za 1982, na kwa sheria hizo zina utu wa kisheria: halmashauri ya wilaya, na vilevile halmashauri ya kijiji, inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Kwa maandishi, basi, hakuna kilichoizuia halmashauri kudai. Kwa hali halisi mkurugenzi wake huteuliwa na Rais, sehemu kubwa ya fedha zake hutoka Hazina, na sheria za maafa za 1990, 2015 na 2022 zinaifanya kuwa ngazi ya chini ya mfumo mmoja wa kuokoa na kugawa misaada. Mafuriko yakija, kamati ya wilaya huhesabu kaya na kupeleka taarifa juu. Unga na mablanketi hushuka. Huo ni msaada. Fidia humtaka mtu mwenye kosa, na mfumo haukuundwa kumtafuta mwenye kosa ndani yake wenyewe.

Kuna kizuizi kingine kinachosahaulika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilipiga marufuku shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Shamba linalosombwa kwanza huwa ndilo lililo katika mita hizo. Mwenye shamba anayekwenda kudai anaweza kuulizwa kwanza alifuata nini pale.

Madai makubwa ya watu wa eneo hili dhidi ya Serikali yalitokea, kwa sababu hiyo, katika mambo mengine ya ardhi na maji. La Nyamuma ndilo linalofundisha zaidi. Oktoba 2001 wakazi wa Nyamuma, wilayani Serengeti, karibu na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yaliyotangazwa mwaka 1994, walifukuzwa na nyumba zao zikachomwa moto. Kwa msaada wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, walalamikaji 135 hawakwenda mahakamani kwanza; walikwenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyokuwa imeanza kazi mwaka huohuo. Waliolalamikiwa walikuwa mkuu wa wilaya, mkuu wa polisi wa wilaya na Mwanasheria Mkuu. Desemba 2004 Tume iliwapa haki na kupendekeza walipwe fidia na kurudishwa walikotolewa. Serikali ilikataa kutekeleza. Sheria ya Tume inasema mapendekezo yakipuuzwa, Tume yenyewe inaweza kwenda mahakamani au kumshauri anayehusika aende, na mvutano juu ya njia hiyo ukafika Mahakama ya Rufani kwa rufaa ya madai namba 88 ya 2006. Miaka saba baada ya moto, majaji walikuwa bado wanajadili namna ya kutekeleza uamuzi, wakati ukweli wa tukio Tume ilikwisha kuuchunguza.

Upande wa Tarime, dai lilihusu maji. Mei 2009 maji yenye tindikali kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara, Nyamongo, yaliingia mto Tigithe, ambao hutiririkia Mara. Miaka kumi baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvuja kwa bwawa la mabaki. Faini huingia serikalini, haiingii mfukoni mwa aliyekufiwa na ng'ombe. Machi 2022 samaki walipoelea wamekufa na maji ya Mara kugeuka meusi, watu wengi walielekeza macho Nyamongo. Kamati iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ikasema chanzo ni mimea iliyooza kwenye kinamasi pamoja na kinyesi na mkojo wa mifugo, vilivyomaliza oksijeni majini. Maelezo hayo yalichekwa sana, ingawa kinamasi kinachotuama na kisha kusukumwa na mafuriko kweli kinaweza kuua samaki. Kilichokosekana ni chombo huru ambacho mvuvi angekipelekea ushahidi wa kuipinga au kuikubali kamati.

Njia ya tatu ilifunguliwa Arusha. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kuipeleka nchi mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, mradi afanye hivyo ndani ya miezi miwili. Mwaka 2010 shirika la kutetea wanyama kutoka Kenya, ANAW, lilipinga huko mpango wa barabara ya lami kutoka Mugumu kwenda Loliondo, yenye kilomita 53 ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Hukumu ya 20 Juni 2014 iliizuia Tanzania kuijenga kwa kiwango cha lami, na rufaa ikaamuliwa Julai 2015. Wengi wa Serengeti waliitaka barabara hiyo. Aliyefungua shauri alitoka nje ya mpaka.

Kesi iliyokaribia kabisa sura ya serikali ya mtaa kuishtaki Serikali Kuu ilitoka ng'ambo ya mashariki ya hifadhi. Mwaka 2017 halmashauri za vijiji vinne vya Loliondo, yaani Ololosokwan, Kirtalo, Oloirien na Arash, ziliishtaki Serikali katika mahakama hiyohiyo kwa kufukuzwa kwenye malisho. Septemba 2018 mahakama ilitoa zuio la muda. Septemba 2022 ikalitupa shauri kwa upungufu wa ushahidi, na Novemba 2023 kitengo cha rufaa kikaifuta hukumu hiyo na kuagiza shauri lisikilizwe upya. Vijiji havikushinda, lakini vilisikilizwa kama vijiji, kwa majina yao.

Ndani ya nchi mkondo ulikuwa umegeuka. Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali iliundwa mwaka 2018 kuitetea Serikali na taasisi zake katika mashauri. Marekebisho ya 2020 yakaamuru kwamba shauri lolote dhidi ya mamlaka ya serikali za mitaa lianze kwa notisi ya siku 90, lifunguliwe Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu aunganishwe. Asipounganishwa, mwenendo mzima ni batili. Mwaka huohuo sheria ya haki za msingi ilibadilishwa ili anayefungua shauri la katiba aape kwamba yeye mwenyewe ameathirika. Mkulima wa kando ya Mara anayetaka kudai leo hupeleka notisi, husubiri miezi mitatu, kisha hufungua shauri Musoma. Halmashauri yake ya wilaya, ikiwa imo katika shauri hilo, hukaa upande wa wadaiwa pamoja na Mwanasheria Mkuu wa Serikali.