Famicom Moja, Miili Mingi

Mashine ya gemu ya Nintendo iliyoitwa Family Computer, au Famicom kwa kifupi, ilianza kuuzwa Japani Julai 15, 1983. Historia nyingi huichukulia NES ya Marekani na Ulaya kuwa ni Famicom ileile iliyovishwa kanzu nyingine, na matoleo mengine yaliyofuata huachiwa wakusanyaji wa vitu adimu. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Tofauti za vifaa ndani ya mashine hizo ziliamua gemu isikike vipi, ichezwe vipi na iende kwa kasi gani. Tena nyingi hazikutokana na fundi aliyetaka kuboresha kazi yake, bali na hofu za wafanyabiashara na mipaka ya nchi. Anayezipuuza hajaisoma nusu ya historia hiyo.

Tuanze na sauti, maana hapo ushahidi ni mwingi. Padi mbili za Famicom ziliunganishwa na mashine moja kwa moja, na ya pili ilikuwa na maikrofoni. The Legend of Zelda, iliyotoka Februari 1986 kwenye diski, iliitumia: adui mwenye masikio makubwa, Pols Voice, aliuawa kwa kelele za mchezaji mwenyewe. NES haikuwa na maikrofoni. Gemu ilipofika Marekani mwaka 1987, kijitabu chake kiliendelea kusema kwamba adui huyo huchukia kelele, na wachezaji wakampulizia bure filimbi iliyomo ndani ya gemu, ilhali sasa dawa yake ilikuwa mshale. Muziki nao ulipata hasara kubwa zaidi. Katika Famicom, sauti ilipitia kwenye kaseti kabla ya kutoka kwenda kwenye televisheni, kwa hiyo mtengenezaji wa gemu aliweza kutia ndani ya kaseti chipu yake ya sauti na kuichanganya na ile ya mashine. Konami walifanya hivyo mwaka 1989 katika Akumajō Densetsu, na chipu yao ya VRC6 ikaongeza njia 3 za sauti. NES ilikuwa na pini 72 badala ya 60, lakini njia hiyo ya kupitishia sauti kwenye kaseti haikuwekwa. Gemu hiyo ilipouzwa Marekani mwaka 1990 kwa jina la Castlevania III, muziki wake ulilazimika kupangwa upya kwa sauti chache. Watunzi walewale, kazi ileile, lakini nusu ya dunia haikuisikia kama ilivyotungwa.

Kwa nini NES ilibadilishwa hivyo? Soko la gemu la Marekani lilikuwa limeporomoka mwaka 1983 na wenye maduka hawakutaka tena kusikia habari za mashine za gemu. Nintendo waliipa yao umbo la deki ya video, kaseti ikiingizwa kwa mbele, na ndani wakaweka chipu ya ulinzi, 10NES, iliyozungumza na mwenzake ndani ya kaseti ili kaseti zisizo na idhini zikataliwe. Mdomo ule wa mbele ulipolegea, mazungumzo yalikatika na mashine ikawa inajizima na kujiwasha kila sekunde. Chipu hiyo ndiyo pia iliyoigawa Ulaya, hata kaseti ya Ujerumani ikakataliwa na mashine ya Uingereza ingawa televisheni zao zilikwenda kwa kasi moja. Huko Korea Kusini, ambako bidhaa za utamaduni wa Kijapani zilizuiwa, NES iliuzwa na Hyundai kwa jina la Comboy.

Wapo watakaosema kwamba matoleo ya baadaye yalikuwa marekebisho ya kawaida tu, kila moja likiwa bora kuliko lililotangulia. Mwaka 1993 unawakatalia. Mwaka huo Nintendo walitoa mashine mbili zenye miili inayokaribia kufanana. Ile ya Japani ilipata tundu za waya za picha na sauti ambazo Famicom ya kwanza haikuwa nazo, ikapoteza maikrofoni. Ile ya Marekani ilipoteza tundu hizohizo, ikabaki na njia ya antena peke yake, na chipu ya ulinzi ikaondolewa. Bei yake ilikuwa dola 49.99. Kwa hiyo mashine ile mpya ya Japani husoma diski ya Zelda ya 1986 bila shida, lakini haiwezi kusikia kelele za kumuua Pols Voice.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba siku hizi programu za kompyuta huiga mashine hizi zote, basi hakuna haja ya kuhifadhi vyuma. Lakini programu huiga kile tu ambacho mtu amekwisha kukipima. Televisheni za PAL, kama zilizotumika Ulaya, Kenya na Tanzania, zilionyesha picha 50 kwa sekunde badala ya 60 za Japani. NES ya Ulaya ilipunguza pia kasi ya prosesa, kutoka megahezi 1.79 hadi 1.66, na gemu ambazo hazikurekebishwa zikazorota. Dendy, nakala isiyo na leseni iliyouzwa Urusi na kampuni ya Steepler kuanzia Desemba 1992, ilitoa picha 50 vilevile, lakini prosesa yake ilikwenda kwa megahezi 1.77, na mistari ya ziada ya kila picha iliwekwa kabla ya ishara ambayo gemu huisubiri ili kuanza kazi. Kwa sababu hiyo gemu za Kijapani zilizotegemea hesabu kali ya muda hazikuvurugika picha. Watengenezaji wa nakala walitatua tatizo ambalo wenye leseni hawakulitatua, na hilo lilijulikana kwa kuzipima chipu zenyewe. Ndiyo maana programu kama FCEUX na Mesen humpa mtumiaji mifumo mitatu ya kuchagua: NTSC (ule wa picha 60), PAL na Dendy.