Wanakijiji au Wanavijiji? Umoja na Uwingi katika Nomino Ambatani

Katika kata kama Ruaruke, kwenye delta ya Rufiji, karani wa mkutano hukabiliwa na swali dogo: waliohudhuria ni wanakijiji au wanavijiji? Wahariri wengi hulifuta neno la pili bila kuuliza. Kwa maoni yangu, wanafuta ushahidi.

Mwanamke katika uwingi huwa wanawake. Viungo vyote viwili hubadilika. Mwanachama huwa wanachama, wala si wanavyama, kwani chama ni kimoja. Mwanamichezo naye, hata akiwa peke yake, hubeba michezo mingi. Kiingereza, ambacho hupenda umoja katika kiungo cha kwanza hata mswaki kikautaja kwa jino moja, nacho humpa mwanamichezo uwingi uo huo. (Simba aliyeua watu zaidi ya 30 wilayani Rufiji kati ya mwaka 2002 na 2004 ni mla watu kwetu, jina lake la Kiingereza lina mtu mmoja tu.)

Zamani kijiji kilikuwa mji mdogo tu, kama kiambishi chake kinavyodokeza. Wakazi wengi wa bonde la mafuriko la Rufiji waliishi wametawanyika kwenye mashamba yao, hadi operesheni ya mwishoni mwa miaka ya 1960 ilipowahamishia nyanda za juu. Kisha Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 ikakifanya kijiji kuwa chombo cha kuandikishwa, chenye mkutano mkuu wa wakazi wote watu wazima. Tangu hapo mwanakijiji si mkaaji tu. Ni mwenye sauti katika mkutano mmoja mahususi. Umoja wa kijiji katika wanakijiji ni ule ule wa chama katika wanachama.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliongeza uzito wa jambo hili, kwa kuwa halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Basi muhtasari wa kikao cha mpaka unaposema “wanavijiji wameridhia”, unatueleza kwamba mikutano miwili imeridhia. Ukisahihishwa kuwa “wanakijiji”, ridhaa moja imepotea.

Wapo watakaosema kwamba “wanakijiji wa vijiji vyote viwili” yatosha. Yatosha kweli, ila makarani huandika kwa haraka.