Mkono wa roboti ulijifunza kwa nyoka na samaki

Wasomaji wangu, sisi waandika programu tuna ugonjwa mmoja: kila tatizo tunalitibu kwa kuongeza mistari ya programu. Historia ya roboti za kuchuma matunda inatukosoa.

Embe lililoiva halitaki mabavu. Kidole cha chuma kikizidisha kidogo tu, limechubuka, na litaoza kabla ya soko. Kumkokotolea roboti nguvu ya kila kidole kwa kila tunda ni kazi ngumu mno.

Mwaka 1978 Shigeo Hirose na Yoji Umetani wa Japani, waliokuwa wakichunguza mwendo wa nyoka, walieleza mkono wa pingili nyingi unaoendeshwa na nyaya mbili: moja ya kukamata, nyingine ya kuachia. Ulizunguka kitu na kukibana sawasawa pande zote. Mwaka 1997 Mjerumani Leif Kniese aliona kuwa pezi la mkia wa samaki likibonyezwa hupindia kwenye kidole, halikikimbii. Vidole vya roboti vya umbo hilo hukumbatia tunda vyenyewe.

Kwa maoni yangu, hapo hesabu ilihama kutoka kwenye programu ikaingia kwenye umbo.

Huku Hadado ngamia huchuma majani ya mgunga katikati ya miiba kwa mdomo wa juu uliopasuka, kila upande ukijiendea. Ukitaka kumtengenezea mkulima wa maembe wa Garissa mashine, usianze na kompyuta. Mtazame ngamia akila.